Mzee Kamba, Aliyemrudishia Mbwa Ngurumo Yake

Ndugu, majirani na marafiki, pamoja nanyi mliosimama nje ya ukuta kwa kukosa nafasi, familia inaomba utulivu kidogo ili tuyapitie kwa pamoja maisha ya mpendwa wetu, mume, baba na babu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Mzee Kamba, na watoto wa mtaa wakamwita tu Babu wa Mbwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba seremala na mama aliyefua nguo za watu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya reli, mahali ambapo, kama alivyopenda kusimulia, usingizi ulikuja na kuondoka pamoja na mabehewa, na mtoto akiamka hajui kama kilichomwamsha ni kelele au ni kelele kukoma.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza darasa la saba mwaka 1965, na katika ripoti yake ya mwisho mwalimu aliandika kwamba kijana ana heshima ila anatazama sana nje ya dirisha, jambo ambalo Baba hakulikana hata uzeeni, alisema tu kwamba nje ya dirisha alikuwa anapita mbwa mwenye mguu mbovu, kila siku saa nne, naye alitaka kujua anakwenda wapi.

Tarehe 1 Septemba 1969 aliajiriwa na kampuni ya ulinzi kuosha mabanda ya mbwa, na baada ya miaka miwili akakabidhiwa kwa mkufunzi mkuu, mtu mkali waliyemwita Sajini ingawa hakuwahi kuvaa magwanda popote, ambaye alimfundisha kazi kama ilivyokuwa enzi hizo, yaani mnyororo wa kukaba shingo, fimbo ya mpira, na sauti ya kufokea. Baba aliishika kazi hiyo vizuri, wala leo hatutaificha, na kufikia mwaka 1975 yeye ndiye aliyekuwa analetewa mbwa walioshindikana, anayerukia watu, anayevunja banda, anayefukuza baiskeli, na ndani ya wiki tatu mbwa huyo alikuwa anatembea kando ya mguu wake kama kivuli.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, ambaye alikuwa anaogopa mbwa kiasi cha kuvuka barabara ili kukikwepa kitoto cha mbwa, na aliyemwambia kabla ya kukubali, "Mimi sitaki uniletee harufu hiyo ndani, uoge kwanza, halafu ndiyo tuzungumze," naye akaoga, na tangu siku hiyo rafiki zake walimtania kwamba kati ya wote waliowahi kufundishwa utii, mwanafunzi bora alikuwa ni yeye. Mungu aliwajalia watoto watatu, kaka yetu mkubwa mwaka 1978, dada mwaka 1983, na binti wa mwisho, aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1994, wakati Mama alikuwa amekwisha kugawa nguo zote za watoto.

Mwaka 1999 Baba alikuwa na mbwa wa kampuni aliyekaa naye hapa nyumbani, aliyeitwa Shaba, mwenye manyoya ya rangi hiyohiyo, mbwa hodari, ila alikuwa na tabia ya kuwangurumia watoto wakimkaribia anapokula, na Baba, kwa kufuata alivyofundishwa, alimvuta mnyororo kila aliponguruma, asubuhi na jioni, mpaka ngurumo ikaisha kabisa, akaandika kwenye daftari la kazi kwamba mbwa amepona. Tarehe 9 Agosti mwaka huohuo, saa kumi jioni, mpira wa binti yake mdogo ulibiringika hadi karibu na bakuli la Shaba, mtoto akauinamia, na mbwa akamng'ata mkono bila kutoa sauti yoyote, bila hata kuonyesha meno kwanza, kama mtu anayefanya jambo usingizini. Mtoto alishonwa nyuzi kumi na nne, Shaba akachomwa sindano ya kifo kabla jua halijazama, na aliyetia sahihi karatasi yake ni Baba.

Usiku na mchana kwa miaka mingi Baba aliota ndoto moja, kwamba Shaba anakuja polepole kwenye ukumbi mrefu usio na milango, mdomo wazi, koo linacheza, lakini hakuna kinachosikika, na kila alipoamka alimwambia Mama maneno yaleyale, "Yule mbwa alikuwa anasema. Alikuwa anatuonya, mke wangu. Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Binti naye alinyamaza, alikuwa anaitika kwa kichwa tu, na wakubwa walipomhimiza aseme, alizidi kujikunja, hadi Baba alipowaomba wamwache, akawa kila jioni anakaa naye kwenye ngazi ya nyuma, bila kumtazama, anamenya karanga na kuziweka katikati yao, siku baada ya siku, zinaliwa au haziliwi, yeye anamenya tu, mpaka jioni moja ya Desemba mtoto aliposema, "Baba, mkono bado unauma," na Baba akajibu, "Asante kwa kuniambia." Mama alikuwa jikoni, alisikia, na anasema sufuria yake iliungua siku hiyo.

Januari 2000 Baba aliacha kazi kwenye kampuni, akaweka mnyororo na fimbo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na mwaka 2001 akafungua uwanja wake hapo nyuma ya nyumba, ambako vifaa vyake vilikuwa kamba laini ya mita saba, filimbi, mkeka, na kikopo cha maini yaliyokaushwa ambacho wajukuu walikuwa wanakiiba. Mbwa wa kurukia wageni alifundishwa kwamba mlango ukibishwa, raha iko kwenye mkeka, mbwa wa kuvuta alifundishwa kwamba kamba ikikaza safari inasimama, na ikilegea safari inaendelea, na wenye mbwa wakilalamika kwamba kazi inakwenda polepole, aliwaambia, "Bwana wee, huyu hana haraka, mwenye haraka ni wewe, basi nianze na wewe?" Waliopita hapo jioni mtamkumbuka, amekaa kwenye kigoda katika mwanga ule wa mwisho, kamba imelala mchangani kama mto mdogo, na mbwa amelala upande wa pili, wote wawili wakionekana kuota kitu kimoja.

Tarehe 2 Februari 2022, mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimleta mbwa ambaye sisi tulimwita Bubu, aliyekuwa amevalishwa shingoni ukanda wa betri, ule unaompiga mbwa shoti kila akitoa sauti, na aliyekuwa ameng'ata wateja wawili bila kuonya. Tajiri yule alisema, "Mzee, nakupa hadi mwisho wa mwaka, akishindikana namwita daktari wa mifugo," na Baba, akiwa anaufungua ule ukanda, alimjibu kwamba hatamfundisha kunyamaza, atamfundisha kunguruma, mwenye duka akacheka akidhani ni utani.

Mwezi wa Aprili Baba aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu, alilazwa mara mbili, Mei na Agosti, na aliporudi mara ya pili mikono yake haikuweza tena kushika kamba, akawa anaelekeza akiwa kitini. Aliyeichukua kamba ni binti yake wa mwisho, ambaye alikuwa amerudi nyumbani na mtoto mchanga ili kumuuguza, na ambaye hakuwa amegusa mbwa tangu mwaka 1999. Baba hakumshurutisha, alimwambia tu, "Usimvute, mama, ukivuta naye anavuta. Kaa. Mpe mgongo. Mngoje," na walikaa hivyo siku nyingi, baba, binti na mbwa, vipande vya maini vikianguka kimoja kimoja mchangani, na Baba akisinzia na kuamka kuuliza, "Amesema?" naye anajibiwa, "Bado, Baba."

Jumapili tarehe 13 Novemba, saa tatu asubuhi, Bubu alikuwa amefungwa kwenye nguzo anakula, na mjukuu, aliyekuwa amejifunza kutambaa wiki hiyohiyo, aliteleza kutoka mapajani mwa bibi yake na kuelekea kwenye bakuli, na kabla mtu hajafumbua kinywa, ngurumo ilisikika, nzito, ndefu, kama gari moshi la mbali. Mama alipiga ukelele, kaka akaokota ufagio, lakini Baba aliinua mkono kutoka kitini na kusema, "Msimpige! Msimpige, anasema!" na binti akamnyanyua mtoto, akarudi hatua mbili nyuma, akamwambia mbwa asante, na mbwa akanyamaza, akaendelea kula. Baba alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akalia, na mchana huo alilala usingizi mrefu, na alipoamka alisema Shaba amepita ukumbini na safari hii sauti yake ameisikia.

Baba alifariki hospitalini, alikorudishwa mara ya tatu, siku ya Alhamisi, tarehe 17 Novemba 2022, saa nne asubuhi, saa ya yule mbwa wa dirishani.

Jana mwenye duka alikuja kutoa pole, akaenda nyuma kumwona mbwa wake, akangurumiwa, akainua mkono kwa mazoea, halafu akaushusha, akarudi hatua mbili, na Bubu akaenda mwenyewe kulala kwenye mkeka. Amekubali mbele ya familia kwamba sindano haitakuwepo, mbwa atabaki hapa, na kamba itashikwa na binti. Ule ukanda wa betri umewekwa kwenye sanduku la bati, pamoja na mnyororo. Wageni mtakaopita nyuma kunawa mikono, mbwa akiwangurumia msimkemee, rudini hatua mbili, inatosha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, waliomruhusu kukaa na filimbi yake chini ya mto, majirani waliovumilia miaka ishirini na moja ya kubweka, wafanyakazi wenzake wa zamani, na Sajini, ambaye ana miaka tisini na moja na amekuja kwa miguu yake.

Pumzika kwa amani, Baba, kamba imelegea, safari inaendelea.