Duara la Védaste Ndayisenga, Lililopimwa kwa Jumapili Kumi na Moja

Wapendwa waombolezaji, wazee wa kanisa, majirani wa Mbugangari na nyinyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma, mimi ni Uwimbabazi, fundi cherehani, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu Védaste Ndayisenga, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo wageni waliojikalisha viti vya mbele wangependa niyaruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 huko Masisi, Kongo, mtoto wa pili kati ya saba, akaanza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza sekondari mjini Goma tarehe 2 Julai 1978 katika upimaji wa ardhi, akiwa wa tatu darasani, jambo ambalo alitukumbusha kila Noeli bila kuulizwa na mtu.

Alipima viwanja Goma miaka kumi na sita, akahamia Gisenyi tarehe 20 Oktoba 1994, na tarehe 17 Juni 1995 akafunga ndoa na Nyirarukundo, huyu mnayemwona hapa, wakajaliwa watoto wawili, Shema anayeendesha basi dogo la Rubona, na Belise, mwalimu kule Bugeshi.

Mwaka 2009 aliajiriwa na ofisi moja inayochunguza mashamba kabla ya ujenzi, kuona kama chini ya udongo kuna mabaki ya makao ya watu wa kale, na mkuu wake alikuwa Bwana Mucyo, msomi mwenye buti ambazo kwa miaka kumi na sita sijaziona na tope.

Mwezi Machi 2024 walitumwa Mudende, kwenye shamba la mama Mukamazimpaka, ambapo yangejengwa maghala, na kwa kuwa ilikuwa mvua na viazi vilikuwa vimesimama, Bwana Mucyo hakutaka ugomvi na wenye mazao, akaamuru mashimo yote sita yachimbwe kwenye njia ya ng'ombe, wakachimba njia, chini yake wakakuta njia, wakaandika kwamba shamba zima halina kitu.

Kaka yangu alimwambia asubiri Julai, kwa sababu wakulima wa kule wote wanajua kwamba kiangazi kikianza viazi vinakauka kote isipokuwa penye handaki la zamani lililojifukia, ambako udongo ni mzito na majani yanabaki kijani, na mama Mukamazimpaka mwenyewe alikuwa akiliona duara la kijani la namna hiyo shambani mwake tangu alipoolewa, ila hakuna msomi aliyewahi kumuuliza. Jibu la Bwana Mucyo, mbele ya vibarua wanane, lilikuwa hili: "Muzee, we beba mita tu, mambo ya kufikiri iko na wenyewe."

Basi akaibeba mita yake, ule utepe wa kupimia, akaenda shambani kwa Jumapili kumi na moja, baada ya ibada, kuanzia tarehe 7 Julai 2024, nami nasoma kutoka daftari lake: boma la duara, upana mita arobaini na moja, mlango wake unatazama mashariki, ndani yake duara dogo la ndama la mita tisa, na baada ya mavuno, kwa ruhusa ya mwenye shamba, shimo moja la jembe, udongo mweusi hadi kifuani, mifupa ya ng'ombe, vigae vya vyungu, jiwe la kusagia, vyote vikarudishwa vilipokuwa na shimo likafukiwa vizuri. Alilipeleka daftari ofisini tarehe 30 Septemba, likarudishwa siku hiyohiyo, wakisema ripoti imeshatiwa sahihi na daftari la mbeba mita halina mahali pa kuwekwa.

Tingatinga liliingia tarehe 11 Novemba 2024, kaka akasimama pembeni kwenye mvua akaliona lile duara jeusi likifunuka lote, kwa asubuhi moja, kisha likazolewa na malori. Tarehe 2 Februari 2025 alipooza upande wa kulia, akalala miezi saba, na tarehe 3 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akatutoka, baada ya kuniambia neno lake la mwisho la maana: "Siku mi nakufa, Mucyo atakuja, utamusomea ile daftari."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliomgeuza kitandani, na mama Mukamazimpaka aliyeleta gunia la viazi kutoka shamba alilobakiwa nalo. Wenzake wa kazini tunawashukuru kwa shada, ambalo ni kubwa kupita heshima waliyompa, na kwa barua waliyotuletea jana ili isomwe hapa kwamba marehemu alikuwa mtaalamu wao mpendwa, barua ambayo nasikitika kusema kwamba haina mahali pa kuwekwa.

Bwana Mucyo, ulimwambia abebe mita tu, basi ile mita Nyirarukundo amemwekea mkononi, ameibeba, na yale ya kufikiri ametuachia sisi, tumeyasikia zaidi ya watu mia tatu.

Kaka, ripoti yako imesomwa, sasa lala kwa amani.