Kijiko cha Mwenyekiti

Mheshimiwa mgeni rasmi kutoka mkoani. Mwenyekiti wa kamati ya usafi ya stendi, Mzee Faraji, pamoja na wajumbe wako, ambao leo mmefika wote bila kukosa kwa kuwa tangazo lilisema kuna chakula. Shehe wetu na mchungaji wetu. Wazee wangu, shikamooni. Mama lishe wenzangu wa Mombo. Na wewe Asnath, binti wa Dindira tuliyekuja kukuaga: nawasalimu nyote.

Mimi ni Munira, muuza wali, maharage na kachumbari pale stendi. Nimeambiwa nimsifu Asnath, mpimaji wa maabara wa kituo chetu cha afya, kwa maneno machache, na nisiguse yaliyopita. Nitajitahidi. Lakini mganga utamsifuje bila kutaja ugonjwa?

Mashine ya kupima vijidudu vya chakula ilipoletwa kituoni, tulikata utepe, tukapiga picha, tukala. Kisha ikafunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua pembeni, kama redio ya sebuleni. Ikakaa hivyo mwaka na nusu. Kwani tulikuwa na shida nayo? Tulikuwa na ulimi wa mwenyekiti! Kila asubuhi Mzee Faraji alianza kwa supu na kachumbari hotelini kwa Bwana Awadhi, kisha akashuka kibanda hadi kibanda akionja kwa kijiko chake cha mfukoni. "Hii safi. Hii nayo safi, ongeza chumvi." Kijiko kilekile, Mheshimiwa. Hakikuoshwa, lakini tusimsingizie mzee wa watu: alikuwa anakipangusa kwa leso.

Mwezi wa tatu, abiria wa basi la Arusha walikula pale stendi. Kesho yake simu zikaanza kuingia: watu kumi na mmoja wanahara na kutapika, na mtoto mmoja katundikiwa dripu. Kamati ikakaa dakika ishirini, ikanitia mimi hatiani. Ushahidi ulikuwa nini? Mjumbe mmoja alisema siku ile kachumbari yangu ilimtia wasiwasi alipoitazama. Kibanda kikafungwa wiki tano. Niliumia, ndugu zangu. Watu niliowalisha miaka tisa walivuka barabara wakiniona nakuja, na kwa yule mtoto nililia, maana na mimi nilianza kuamini kwamba ni mkono wangu.

Asnath hakuitisha kikao. Alikunja kile kitambaa, akakiweka kando, akaenda kwa jirani yangu Husna. Akachukua kachumbari kabla mwenyekiti hajaonja, akachukua tena baada ya kuonja. Akachukua na ya hotelini. Halafu, kwa adabu zote, akamwomba mzee kile kijiko.

Nilimuuliza, "Mdogo wangu, hiyo mashine inamwonaje mdudu asiyeonekana?"

Akacheka. "Dada Munira, kila mdudu ana vinasaba vyake. Kwanza namwotesha kwenye maji yenye virutubisho, azaliane. Halafu mashine inatafuta kipande kimoja cha vinasaba ambacho ni chake peke yake, inakirudufisha. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinne, mpaka vinafika mamilioni. Hapo hana pa kujificha."

Majibu yakatoka. Hotelini, mdudu yupo. Kwa Husna kabla ya ukaguzi, hayupo. Kwa Husna baada ya ukaguzi, yupo. Kwenye kijiko, yupo, tena kwa wingi. Anaitwa Salmonella, na muda wote huo alikuwa akipanda na kushuka stendi yetu akisindikizwa na kamati.

Mzee Faraji akauliza, "Binti, unataka kusema mimi ndiye nimewalisha watu uchafu?"

"Mzee wangu, shikamoo. Mimi sisemi kitu. Mashine ndiyo imesema."

Basi kazi nzuri haikosi zawadi. Hazikupita wiki mbili, barua ikafika kutoka mkoani: Asnath aende Handeni, akasimamie ghala la vyandarua. Miaka minne ya kusomea vinasaba, akahesabu vyandarua! Nani ataendesha mashine? Barua haikusema. Asubuhi hii amekabidhi funguo.

Asnath, mdogo wangu, kibanda changu kimefunguliwa kwa karatasi ya majibu uliyoisaini huku ukijua itakuponza. Mimi ningeogopa. Sina cha kukulipa, na maneno niliyokuwa nayo nimekwisha kuyasema mbele ya waliokuhamisha.

Mwisho, Mheshimiwa, kamati imeniagiza niwakaribishe chakula. Mama lishe tuliomba kupika, tukajibiwa kwamba shughuli ya heshima inataka hoteli. Kwa hiyo pilau mnayoinusa hapo nyuma, na lile beseni la kachumbari, vimetoka kwa Bwana Awadhi. Hoteli yake ilipaswa kupimwa tena wiki hii. Sampuli zilichukuliwa jana, na majibu yangetoka kesho kama mpimaji angekuwepo. Lakini msiwe na hofu, mwenyekiti ameshaonja, na amesema ni safi.

Nawashukuru kwa kunitegea masikio. Karibuni mezani. Mimi na Asnath tumekuja tumeshiba.