Anayepanda Saa Tisa

Nilikuwa na ungo wa mbaazi mapajani, mguu wa kulia nimeunyoosha juu ya kigoda kama nilivyoagizwa hospitali, Rada alipovuka barabara mbio na kikombe cha kahawa mkononi, akasimama mbele yangu, akanitazama kuanzia gotini kwenda chini. Kijiwe cha kahawa anapokaa na wenzake kiko ng'ambo ya uzio wetu: nguzo ya umeme iliyoachwa chini tangu mafundi walipomaliza kazi, sasa inang'aa kwa kukaliwa. Hapo Masoudi, muuza kahawa, huweka birika lake saa nane mchana na kuondoka nalo giza likiingia. Rada jina lake ni Dastani, anaendesha bodaboda, na anaitwa hivyo kwa sababu hakuna anayepita njia ya mnarani, ule mnara wa simu juu ya mlima, asimwone. Mzee Eustakio wanamwita Daktari; alilinda zahanati miaka kumi na moja, akastaafu na maneno ya kitabibu. Mabishano yao nayasikia kila siku nikiwa jikoni, na siku zote huwa hayanihusu.

— Mama Gabrieli, umefikaje hapa?

— Nimefika wapi? Nipo hapa tangu nimalize kufua.

— Mbona sasa hivi umetupita unapanda mlima?

Nilimwambia anywe kahawa yake taratibu. Hakucheka. Kahawa ilikuwa inamwagikia vidole vya miguu na hakuona.

— Siyo utani, mama. Umepita pale, mtandio wa njano, kanga ya bluu. Bila fimbo. Umenyooka kama askari wa kwata. Nimekuamkia, kimya.

Mtu akisemwa ni afadhali awepo. Nikaweka ungo, nikachukua fimbo, nikavuka.

Mguu niliuvunja mwezi wa saba, pikipiki ilipoteleza kwenye mchanga tukitoka shambani Nanganga na mfuko wa salfa ya mikorosho. Nilikaa na hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, wiki sita. Walipolikata, mguu ulitoka mwembamba kama mpini na goti halikunjiki. Dada wa mazoezi ya viungo akasema dawa yangu ni mlima: kila jioni nguzo chache za umeme, kila wiki niongeze. Kupanda nitangulize mguu mzima, kushuka nitangulize mbovu. Nikiacha, goti litakauka lilivyo. Na korosho zilikuwa zimeshaanza kudondoka. Korosho huokotwa kwa kuinama na kuchuchumaa, na nyumbani kwetu mwokotaji ni mimi. Nilikuwa nimefika nguzo ya tisa. Mnara uko nguzo ya kumi na nne, sikuwahi kuufikia tangu nivunjike.

— Karibu, shemeji, alisema Masoudi, huku akisogea mbali nami.

— Siyo leo tu, alisema Rada. Juzi umepita. Jana umepita. Saa tisa ileile.

— Juzi na jana saa tisa nilikuwa nakanda goti kwa maji ya moto. Mlimani nakwenda saa kumi na moja.

— Wa saa kumi na moja tunamjua, alisema Daktari. Huyo ni wewe na fimbo yako, unapanda unahema kama mbuzi mwenye mimba. Tunamzungumzia wa saa tisa.

— Basi mzungumzieni mimi nikiwepo.

Daktari akakohoa.

— Hili ni suala la mishipa. Mguu ukifungwa wiki sita, kumbukumbu yake ya kutembea inakaa nje. Ndani hakuna nafasi. Hogo likikatwa, kumbukumbu inahangaika kutafuta njia ya kurudi.

— Kwa hiyo kumbukumbu imevaa mtandio wangu?

— Ulitaka ivae suruali?

— Daktari, acha mishipa yako, alisema Masoudi. Shemeji kachukuliwa unyayo. Mguu wa kuburuta unaacha alama ndefu, kila mtu anaijua. Mtu anauchota mchanga wake kwa jani, anakwenda nao anakojua. Kwetu Kilimarondo kuna mzee alichota unyayo wa tembo aliyemlia mahindi. Tembo yule akawa anarudi kila siku, anasimama palepale, hali kitu, mpaka mvua zikanyesha. Watu wakamzoea.

— Tembo sawa, alisema Rada. Lakini kuna siku alikuja bila miguu?

— Nani kasema huyu hana miguu?

— Si wewe uliyesema jana hukusikia kishindo?

Masoudi akafuta birika ambalo halikuwa na vumbi. Rada akanigeukia.

— Mama, nikuulize. Siku ile ya Nanganga mlivyoanguka, watu waliokota mfuko wa salfa, wakaokota pikipiki, wakakuokota na wewe. Nani alihakikisha kwamba umeokotwa wote?

Ni kweli kwamba ile siku sikumbuki kitu kati ya mchanga na kitanda cha hospitali.

Daktari akainamisha kichwa, akazungumza na kikombe chake.

— Mimi nitasema, na mnisamehe. Mama Gabrieli tunayemjua miaka yote alikuwa anatembea vizuri. Anayechechemea amekuja baada ya hospitali. Mambo ya misukule huwa hivyo. Mwenyewe anachukuliwa, nyumbani anawekwa wa kufanana naye.

— Kwa hiyo mimi ndiye niliyewekwa?

— Sijakutaja jina, shemeji.

— Aliyewekwa leo amefua mashuka manne, ameteka maji, na mbaazi zinamsubiri. Waliomweka wangemwambia kama kuna kupumzika.

— Msukule hula pumba, alisema Masoudi kwa sauti ndogo.

— Mwezi wa pili, ghala likiisha, mtaa huu wote huwa tunakula nini, Masoudi?

Walicheka, lakini kicheko kiliisha mapema, na kila mmoja akatazama upande wa mnara bila kumwambia mwenzake.

Mwisho wa nguzo alikuwa amekaa mgeni, Kassian, fundi wa matangi ya maji, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Nachingwea. Akaweka kikombe chini.

— Samahani, wakubwa. Huyo wa saa tisa, huwa anashuka saa ngapi?

Njia ya mnarani ni moja. Upande wa pili mlima umekatwa na wachimba mawe, hata mbuzi hashuki huko.

— Mimi sijamwona akishuka, alisema Rada.

— Labda ulikuwa umepeleka abiria, alisema Daktari.

— Masoudi hapeleki abiria, alisema Rada. Masoudi?

Masoudi akatikisa kichwa.

— Sibishani na mtu, nauliza tu, alisema Kassian. Juzi kapanda. Jana kapanda. Leo kapanda. Sasa hivi kule juu wako wangapi?

Masoudi akainua birika amjazie mtu yeyote, likatoa machicha ya kahawa. Hakuna aliyelalamika.

Mabishano yalirudi kwenye mishipa na tembo mpaka saa kumi na moja ikafika. Nikasimama.

— Mama, leo usipande, alisema Rada. Hata kesho. Wacha kwanza.

— Goti likikauka, utaniokotea korosho wewe?

Akatazama fimbo yangu.

— Ninawaomba kitu kimoja. Kaeni hapahapa mnione nikishuka.

— Haki ya Mungu tutakaa, alisema Daktari.

Hadi nguzo ya tisa njia ilikuwa ninayoijua: alama zangu za jana, tundu la fimbo, mburuto wa kisigino. Leo sikugeukia pale. Baada ya hapo hapakuwa na tundu la fimbo. Kulikuwa na nyayo za kandambili, saizi yangu, safu tatu sambamba, zote zikielekea juu. Hatua zilikuwa ndefu. Nilijaribu kukanyaga palepale zilipokanyaga, goti likakataa. Nikaendelea kwa hatua zangu. Mzima, mbovu, fimbo. Mzima, mbovu, fimbo.

Juu hapakuwa na mtu. Mnara ulikuwa unanguruma kwa ndani. Kando ya uzio wake majani yalikuwa yamelala mahali patatu, kama walipokaa watu wakitazama mjini. Nikajiambia mbuzi hulala hivyo. Nilisimama mpaka pumzi ikarudi, maana ndivyo nilivyoagizwa, kisha nikageuka. Sikutazama nyuma. Kushuka ndiko kunakoangusha watu, macho yanatakiwa chini. Mbovu kwanza. Goti liliuma nguzo hadi nguzo, na safari hii sikulichukia kwa kuuma.

Nilipofika chini, kijiwe kilikuwa kitupu. Birika halipo, vikombe havipo, pikipiki ya Rada haipo, hata mgeni hayupo. Giza lilikuwa bado. Nikasimama katikati ya barabara muda mrefu kidogo ili mtu yeyote apite anione. Hakupita mtu.

Nyumbani binti yangu Dionisia alikuwa ameshachemsha mbaazi na kusonga ugali. Nikapakua. Fransisko, mume wangu, alikuwa ananawa. Mama mkwe alikuwa mkekani, Gabrieli karibu na taa, Ivan, kitinda mimba, ameshaingiza kidole kwenye mchuzi. Niliwahesabu kwa macho. Nikawahesabu tena.

— Dionisia, hebu hesabu watu.

— Watu gani, mama?

— Waliopo. Hesabu.

Akanitazama, kisha akahesabu kwa kidole. Baba yake. Bibi yake. Gabrieli. Ivan. Akajigusa kifua. Kidole kikabaki hewani kidogo, kikaja upande wangu.

— Sita.

— Pamoja na mimi?

— Pamoja na wewe. Nawa mikono, mama, ugali unapoa.