Kwao Mwalimu Modest ni Wapi?

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu ya Buger, Ndugu Afisa Elimu Kata, Mwalimu Mkuu na walimu wote wa shule hii, Ndugu Mtendaji wa Kijiji, ambaye leo amevaa tai, jambo ambalo hatujaliona tangu aripoti kazini, Baba Paroko na Mchungaji, mliokubali kubanana kwenye benchi moja, wazee wenzangu, wageni wetu kutoka Ngorongoro mkiongozwa na Mzee Loserian, akina mama, ambao harufu ya pilau yenu inaniambia nisiseme sana, vijana, na ninyi wanafunzi mliokaa kwenye nyasi: Saita! Mzee Loserian na watu wako, sopai!

Mimi ni Lazaro, mwenyekiti wenu wa kijiji. Nimepewa dakika kumi, na naona wanaonijua wameshaanza kucheka.

Tumekuja kumuaga Mwalimu Modest Chilumba, aliyestaafu baada ya kuwafundisha watoto wetu, na watoto wa watoto wetu, Uraia na Jiografia. Ninyi nyote mnajua kuna jambo lingine. Serikali yetu ina utaratibu mzuri: mtumishi akistaafu, humsafirisha yeye, familia yake na mizigo yake mpaka kwao. Mwalimu aliulizwa apelekwe wapi. Akaja ofisini kwetu na mkewe, Mama Dorkasi, wakaketi, wakaomba kijiji kiwape kiwanja cha kujenga. Alhamisi mkutano mkuu wa kijiji ulikaa. Wao walitoka nje, maana mwombaji hakai penye shauri lake. Mkutano uliamua kwamba jibu litolewe leo, mbele ya Mheshimiwa Diwani. Tangu Alhamisi kijiji kizima kinajua jibu, isipokuwa watu wawili wanaokaa meza ya mbele. Buger hii, ambayo kuku wa mtu akitaga tunapata habari kabla ya mwenye kuku, imewezaje kukaa na siri siku zote hizo? Hilo peke yake linastahili makofi.

Jibu nitalitoa. Lakini kwanza niruhusuni nishangae kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa kushangaa, na aliyenizidishia ugonjwa huo ni huyu tunayemuaga.

Hivi jamani, mmewahi kujiuliza mtu wa Newala alifikaje hapa? Newala iko kusini kabisa, juu ya uwanda wa Makonde. Ukisimama ukingoni unauona Mto Ruvuma chini, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Huko ndiko alikozaliwa Mwalimu, penye mikorosho, na ambako utotoni mwake mama yake alishuka bondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Mama Dorkasi ni wa Kasulu, magharibi, jirani na Burundi, ambako mvua hainyimi mtu. Watu hawa wawili walikutana chuo cha ualimu, kwenye foleni ya uji. Sasa nawauliza: ni nani aliyeipanga foleni hiyo? Ni nani aliyeamua kwamba mtoto wa mikorosho asimame nyuma ya mtoto wa migomba, halafu wote wawili waletwe kwenye baridi hii yetu, watufundishe sisi Wairaqw? Nimefikiri sana, na bado sijapata jibu, ila nashukuru kwamba uji ulichelewa.

Kabla ya kuja kwetu Mwalimu alipangiwa kwanza Ngorongoro, kijijini kwa Mzee Loserian. Mzee ameniambia mwenyewe leo asubuhi. Siku ya kwanza watoto wa Kimaasai walimjia mmoja mmoja, wakainamisha vichwa mbele yake bila kusema neno. Mwalimu akadhani wamefanya kosa. Akaanza kuwauliza, "Nani kavunja nini?" Mpaka Loserian akamwambia, "Mwalimu, hawajavunja kitu. Wanakuamkia. Wewe gusa kichwa, uwaache wapite, wamechoka kuinama." Akajifunza. Akakaa huko, akazoea, akawa anagusa vichwa vizuri kuliko wazee wenyewe.

Halafu akahamishiwa hapa. Wakubwa mnakumbuka! Asubuhi ya kwanza mstarini Mwalimu akapita kwa heshima zote, akimgusa kila mtoto kichwani. Watoto wetu, ambao huamkia kwa mdomo, wakashikwa na hofu. Jioni wakasema nyumbani: mwalimu mgeni ametumwa kukagua mapunye. Akina mama wakaazimana nyembe usiku huohuo. Kesho yake shule nzima, wavulana kwa wasichana, ilikuja imenyolewa ikimeremeta, na Mwalimu akamwuliza Mwalimu Mkuu wa wakati ule, "Poleni sana. Mmefiwa na nani?"

Tunacheka, na tucheke. Lakini hebu tazameni ukubwa wa nchi hii. Kutoka hapa mpaka kwa Loserian si mbali, na bado mkono uleule kichwani kule ni baraka na huku ni ukaguzi wa ngozi. Sasa zidisha hayo kwa nchi nzima, kwa wavuvi wa maziwa, kwa wakulima wa vitunguu pale Mang'ola na majirani zao Wahadzabe wanaowinda, kwa Visiwani, kwa kusini na magharibi. Ni kitu gani kinachotuzuia tusinyoane kila siku kwa kutoelewana? Mwalimu alilipenda swali hilo. Jibu lake lilikuwa, "Ukishangaa, uliza. Ukiona aibu kuuliza, utanyolewa."

Siku moja aliwauliza darasa la tano, "Serikali iko wapi?" Mmoja akasema iko Dodoma. Mwingine akasema ikulu. Mtoto wa jirani yangu akasema, "Iko Karatu mjini, lakini baba alienda akakuta imefunga." Mwalimu hakumcheka. Siku ya mkutano wa kijiji aliwaleta wote, akawaketisha pembeni, akawaambia, "Sikilizeni, hii ndiyo." Na sisi siku hiyo, bila kujua kwamba tunatazamwa kama serikali, tulikuwa tunagombana kuhusu ng'ombe wanaokunywa kwenye bomba la watu! Niliona aibu. Baadaye nikamwuliza kwa nini hakuchagua siku nyingine, yenye heshima. Akaniambia, "Mwenyekiti, mligombana mpaka mkakubaliana, na hakuna aliyerusha jiwe. Nilitaka waone hilo." Tangu siku hiyo nikiendesha mkutano huwa nafunga vifungo vyote vya shati.

Sasa tuje Alhamisi. Mwalimu, ulikuwa nje, nitakueleza yaliyosemwa ndani, mabaya na mazuri, kwa sababu hatukutaka ufichwe.

Aliyesimama kwanza kukupinga ni Fabian, kiongozi wa vijana. Fabian alisema hivi: "Ardhi ya kijiji ni ya wanakijiji, na vijana tuliooa bado tunalima kwenye vipande vya baba zetu. Tukimpa mtu mmoja kwa kuwa tunampenda, kesho atakuja mwenye hela anayetaka kujenga loji, atasema na yeye mumpende." Akataja sheria. Akataja mamlaka ya mkutano mkuu. Akaongea akanyooka. Nikawa nawaza, mtoto huyu hayo kayatoa wapi? Nikakumbuka kwamba alikaa dawati la mbele katika darasa lako la Uraia. Mwalimu, ulimfundisha vizuri mno mtu wa kukupinga.

Na nisiwadanganye, hoja yake ilikuwa na uzito. Hata mimi nina wana watatu na shamba moja.

Kisha Fabian akaongeza neno lililotuuma. Alisema, "Isitoshe, Mwalimu hajawahi kushika jembe kwenye msaragambo wowote wa kijiji hiki. Mwanakijiji ni mtu wa kazi za kijiji." Na ni kweli.

Ndipo akasimama Mama Antonia. Ninyi mnamjua Antonia, hasemi ovyo. Alisema, "Fabian, wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako. Tulipochimba mtaro wa bomba, Mwalimu alikuja na jembe, tena jipya. Mimi ndiye niliyempokonya. Nikamwambia, kaa pale, wewe ni mgeni, nikampa chai. Msaragambo wa zahanati akaja tena, tukampa chai. Wa barabara, chai. Mwisho akaacha kuja na jembe. Mtu tumemkalisha kwenye kiti kwa mikono yetu, leo tunamwambia hajawahi kusimama?"

Ndugu zangu, mimi nimesikia hotuba za viongozi wengi, lakini kile kikombe cha chai cha Antonia kilinikaa kooni. Kumbe unaweza kumheshimu mtu mpaka ukamfungia mlango! Mwalimu, tulidhani tunakupa adabu yetu yote. Wanao wamezaliwa hapa, wanafokea mbuzi kwa Kiiraqw, nasi bado tulikuwa tunakuandalia kiti cha mgeni. Nasema mbele ya Mheshimiwa Diwani kwamba inaniuma.

Baada ya hapo Fabian alinyoosha mkono tena. Hakuiondoa hoja yake ya kwanza, na alifanya vizuri. Alisema kiwanja kisiuzwe kamwe, na kamati ya ardhi ianze mwezi huu kuwapimia vijana. Tukakubali. Kisha yeye mwenyewe akawa wa kwanza kunyoosha mkono wakati wa kura.

Mwalimu Modest, Mama Dorkasi, simameni tafadhali. Mkutano mkuu wa kijiji umewapa kiwanja, chini ya shule, kinachopakana na shamba la Antonia. Ofisi ya Mkurugenzi tutaiarifu kwamba lori lisihangaike kwenda Newala wala Kasulu. Mama, usilie bado, kuna sharti, na sharti hilo ni la Antonia, wala halina rufaa.

Jumamosi saa moja asubuhi kijiji kinachimba mtaro kuanzia tangi mpaka zahanati. Kila kaya inatoa mtu, na kaya yenu imeshaandikwa. Mwalimu, njoo na jembe lako. Ukichelewa utalipa faini kama sisi wengine, na chai utakunywa kwako.

Mheshimiwa Diwani, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu.