Nyota Iliyobadilisha Kanga

"Mama Elinaza, hiyo nyota imekuposa?"

Ndivyo Mzee Manase alivyomuuliza jirani yake kule kijijini Vudee, wasikilizaji wapendwa. Alimkuta Bibi Eliwaza, mama yake Elinaza, mjane wa miaka sabini, kasimama dirishani jioni, kipande cha mkaa mkononi. Nyota ya jioni inang'aa juu ya bonde. Jikoni ugali unaungua.

"Haijaniposa," akajibu. "Ila nimeijua. Hii na ile ya alfajiri ni moja. Inabadilisha kanga tu."

Manase, mzee wa kanisa, alicheka hadi akashika kiuno. "Ni mbili! Bibi yangu aliziita wake wenza. Hazipatani hata kuonekana pamoja. Zikiwa moja, nitakulimia shamba la tangawizi lote. Zikiwa mbili, usiwafundishe tena kina mama mambo ya mbingu."

Hapo moyo ulimwuma Bibi Eliwaza. Kuwaonyesha kina mama kazi ya mikono ya Mungu baada ya ibada, hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yake.

Eliwaza aliishia darasa la nne. Hakuwa na darubini. Alikuwa na dirisha la magharibi, mlango wa mashariki, na mkaa. Kila siku alitia alama mbaoni, mahali nyota ilipoonekana. Miezi kumi na tisa. Narudia: miezi kumi na tisa. Watu wa kale nao walianza hivyo hivyo, kwa macho tu. Waliona nyota zinakwenda pamoja kama kundi la mbuzi, ila chache zinatangatanga. Hizo ndizo sayari. Yake ilikuwa Zuhura.

Bibi Eliwaza ametutoka Jumanne. Poleni sana Elinaza, wajukuu, na usharika mzima. Nasi tujiulize: mara ya mwisho kuinua macho ilikuwa lini?

Siku ya kuamua ule ubishi, bintiye Elinaza anaikumbuka vizuri.

"Mzee alikuja na miwani ya mkewe. Akafuata alama kwa kidole. Ya jioni ilishuka, ikashuka, ikapotea. Siku ya nane, ya alfajiri ikatokea. Hakuna siku ambayo zote mbili zilionekana; moja ilipotea kwanza ndipo nyingine ikatokea, kama mtu yule yule anayetoka mlango huu na kuingia ule. Akasema, 'Labda ni mawingu!' Mama akamwambia, 'Siku za mawingu nimechora wingu.' Mzee akahesabu mawingu yote, hayakutosha. Mama akamwambia, 'Tangawizi iko upande wa chini, baba.'"

Mzee Manase akavua miwani. Akachukua jembe nyuma ya mlango, akashuka kwenye shamba la tangawizi.