Makande ya Sikukuu ya Somo

Basi la kutoka Bendera lilipofika Maore, Jenoveva alipanda na chungu cha makande, akakipakata. Mwalimu Rubeni, kwenye kiti cha nyuma yake, alijifanya amesinzia.

"Shule ya mapadri imeshataifishwa, mama," alisema Swalehe, mfanyabiashara aliyekaa kando ya Jenoveva. "Sikukuu ya mtakatifu somo wao itatoka wapi?"

"Wametaifisha shule, hawakutaifisha matumbo. Siku kama ya leo kila mama humpikia mtoto wa mwenzake aliye mbali. Mimi wangu ni Respicius, kwao Bukoba."

"Serikali itampikia."

"Serikali ilisonga ugali lini?"

Swalehe alicheka peke yake. Rubeni alizidi kufumba macho. Yeye, mwalimu wa shule hiyo, ndiye aliyeambiwa na serikali aifute sikukuu, na jana aliwapeleka wavulana wote Bendera, Respicius akiwamo, wakalime shamba la ujamaa mpaka mwezi uishe. Kadiri basi lilivyokwenda, chungu kilizidi kumwacha nyuma mwenye kula.

Basi likasimama Same. Jenoveva akageuka. "Mwanangu, hebu nitwike."

Rubeni alikiinua chungu, kingali cha moto, akamtwika. Mama akamshukuru, akashika njia ya shuleni akiharakisha, makande yasije yakapoa.