Alama Tatu za "Ndia"

Katika mashua ya mashine ya kutoka Pate kwenda Amu, Bi Swafiya alikaa uso kwa uso na Bwana Patroba, mwalimu wa kutoka bara na mwamuzi wa mashindano ya nyimbo ya mwaka ule. Jana kikundi cha Bi Swafiya kilitangazwa cha pili. Cha kwanza ndicho kitakachoimba redioni.

"Tumekosani, Bwana?" "Sauti nzuri, Bi, lakini mliimba ndia. Ni njia. Nikawakata alama tatu." "Na tumepitwa kwa ngapi?" "Mbili." Watu wote wakageuka. Mimi mshika usukani niliacha shule darasa la tatu, lakini hesabu hiyo sikuhitaji vidole.

"Kiswahili hicho umekipatia nti gani, kama si hii?" "Kitabuni, Bi." "Na kitabu kilikipata wapi?" Mwalimu akakohoa, Bi akaendelea: "Karatasi ya alama hujaipeleka ofisini. Itengeneze." "Waamuzi wenzangu watasema nini?" "Watasema umesoma."

Tukafika Amu, mashine ikazimwa. Mwalimu akashuka, kalamu mkononi imeshavuliwa kifuniko, na Bi Swafiya akamfuata unyo kwa unyo.